Nipeni Yule wa Nyuma ya Piano

(Haya niliyazungumza mwezi uliopita mbele ya wazazi na vijana wa vikundi vya maigizo. Waliokosa kufika wameomba wapate yote, basi haya hapa. Nimeacha picha tulizotazama ukutani, na kikohozi changu.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Na ninyi wadogo mliokaa kwenye mkeka hapa mbele, mnanisikia? Tegeni masikio basi, maana leo ninyi ndio mnaozungumzwa.

Mkutano uliopita, watu wakiwa wanatoka, mama mmoja alinishika mkono. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano, anaiga sauti ya kila mtu pale mtaani, hata ya muuza maji. Hawa wanaochagua watoto wa kuigiza, huwa wanatafuta nini?" Nikamjibu upesi, kama mtu ambaye keshavaa viatu na daladala linamsubiri: "Kipaji, mama. Wanatafuta kipaji." Akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nimefundisha maigizo miaka mingi, na habari za watoto wa sinema nimezisoma kuliko inavyomfaa mtu mwenye madaftari ya kusahihisha. Najua jibu lile lilikuwa la kumwondolea mtu njiani. Mama yule yupo leo? Naona mkono. Karibu, mama. Nimekuja kukujibu upya.

Nawaomba twende mbali, hadi California, Marekani, miaka ya 1910, 1920 na 1930, wakati Hollywood yenyewe ilikuwa bado inajifunza kutembea. Kwa nini huko? Kwa sababu huko ndiko kazi ya kumwokota mtoto na kumweka mbele ya kamera ilikogeuka biashara kubwa. Tena baadhi ya watoto wale waliishi hadi wakazeeka, wakasimulia kwa vinywa vyao. Hatutegemei sifa zilizoandikwa na studio.

Basi, walikuwa wanatafuta nini?

Mwanzoni hawakumtafuta mtoto kabisa. Mtoto maarufu kupita wote wa filamu bubu alikuwa mwanamke mzima. Mnacheka? Ngojeni. Mary Pickford alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1892, na jina alilopewa na wazazi ni Gladys Smith. Baba alifariki mapema, nyumbani hapakuwa na kitu, akapandishwa jukwaani ana miaka 7. Mwaka 1909 aliingia studio ya Biograph kule New York. Mwongozaji D. W. Griffith akamtajia dola 5 kwa siku. Binti wa miaka 17 akasema anataka 10. Akapata 10. Mkumbukeni huyo binti anayejua bei yake, kwa sababu watoto watakaomfuata hawatakuwa na nafasi ya kutaja bei.

Mwaka 1917, Pickford akiwa na miaka 24, aliigiza msichana wa miaka 11. Walifanyaje? Walimtengenezea viti na milango mikubwa kupita kawaida, wakampanga na watu warefu, na yeye mwenyewe hakuzidi sana futi 5. Ukiitazama filamu ile unaona kitoto kimezama kwenye kiti. Mwaka 1920, ana miaka 27, akawa mtoto tena. Mwaka 1925, ana miaka 33, akawa mtoto tena! Mwaka huohuo gazeti moja la sinema liliwauliza wasomaji wangependa kumwona katika nafasi gani, nao wakajibu Cinderella, wakajibu Heidi, wasichana wa hadithi za watoto. Hawakutaka akue. Mwaka 1928 alipokata vile visokoto vyake vya nywele, habari ziliandikwa magazetini kana kwamba kuna msiba.

Sasa jiulizeni, walimu wenzangu hasa: kwa nini umchukue mama mzima aigize mtoto, na watoto wamejaa mitaani? Ninyi mliowahi kufundisha ngonjera darasa la kwanza mnajua jibu. Mtu mzima ukimwambia simama hapa, anasimama hapa. Ukimwambia lia, analia. Haombi kwenda chooni taa zikishawashwa. Hang'oki jino la mbele katikati ya kazi. Walitaka uso wa mtoto wenye utii wa mtu mzima. Neno hilo, utii, lishikeni.

Watoto halisi walipoanza kupewa nafasi kubwa, kilichotafutwa kilikuwa kilekile. Mwaka 1920 hivi, mama mmoja alikwenda kutembelea studio ya Century, barabara ya Sunset, kule Los Angeles. Amefuatana na rafiki yake mwenye kazi pale, na amembeba binti yake wa miezi 19, Peggy-Jean Montgomery. Wakamkalisha mtoto kwenye kigoda, wakamwambia atulie. Akatulia. Watu wanapita, mbao zinagongwa, taa kali zinawaka, mtoto ametulia tuli. Mwongozaji Fred Fishback alikuwa anatafuta mtoto wa kuigiza pamoja na mbwa wa studio aliyeitwa Brownie. Akamwona yule kwenye kigoda. Basi, kwisha.

Nauliza: aliimba? Hakuimba. Alicheza? Hakucheza. Aliigiza sauti ya muuza maji? Wapi! Alikaa. Alichaguliwa kwa kukaa.

Na baba yake, mpanda farasi aliyefanya michezo ya hatari katika sinema za makauboi, hakuficha jambo hilo. Alijivunia kuwa binti yake anatii. Alipiga kidole, mtoto akacheka. Alipiga kidole, mtoto akalia. Wakamwita Baby Peggy, na kabla hajafika miaka 6 alikuwa ameigiza filamu fupi zipatazo 150. Wazazi wangu, mia na hamsini! Katika moja alishikiliwa chini ya maji ya bahari mpaka akazimia. Katika nyingine alining'inizwa chini ya behewa la treni. Katika nyingine waliwasha moto wa kweli chumbani, mlango aliofundishwa kutokea ukashika moto, ikabidi atafute dirisha peke yake. Peke yake. Aliyasimulia haya mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa sauti ya utulivu, kama mtu anayesimulia safari.

Barua za mashabiki zilifika kwa mamia ya maelfu. Palikuwa na wanasesere wenye sura yake. Mwaka 1924 alipandishwa kwenye jukwaa la mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule New York, karibu na Franklin Roosevelt, ambaye alikuwa bado hajawa rais. Mtoto hata kusoma hajui vizuri.

Kuna atakayenyanyuka aseme, "Mwalimu, unachagua mifano ya kukufaa. Hapakuwa na aliyemtaka mtoto jinsi alivyo?" Alikuwapo. Hal Roach, mtayarishaji wa filamu za kuchekesha. Yeye mwenyewe alipenda sana kusimulia hadithi hii, kwa hiyo huenda imeongezwa chumvi kidogo, lakini chumvi yake tamu. Mwaka 1921 aliletewa ofisini msichana mdogo wa kufanyiwa majaribio. Mtoto amepakwa poda na rangi, ameshonewa gauni la kifahari, amekariri kila kitu, mama yake yuko pembeni anamfuatisha kwa midomo. Roach akachoka. Akatazama nje dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na yadi ya mbao, na watoto waliokuwa wameokota vijiti wanagombana. Yule mdogo kabisa kachukua kijiti kikubwa kuliko vyote, na yule mkubwa anakitaka. Roach akasimama pale dirishani robo saa nzima, anatazama ugomvi wa vijiti. Halafu akajiambia: kama mimi nimeshindwa kuondoka hapa, na wengine watashindwa.

Mwaka uliofuata, 1922, ikaanza Our Gang, filamu fupi za genge la watoto wa mtaani, zikaendelea hadi mwaka 1944, zaidi ya 200. Na humo mlikuwa na jambo ambalo Marekani ya wakati ule haikulizoea: watoto weusi na weupe wanacheza pamoja, wanagombana sawasawa, na kusoma wanasoma pamoja katika shule ya studio. Nje ya geti la studio, majimbo mengi yalikuwa na shule zilizotengwa kwa rangi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hadithi hii mara nyingi husimuliwa nusu.

Ernie Morrison, mvulana mweusi mzaliwa wa New Orleans, waliyempa jina la Sunshine Sammy, alikuwa amesaini mkataba wa muda mrefu na Roach tangu mwaka 1919, kabla genge halijaundwa. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza alipoletwa studio ilikuwa kuziba pengo la mtoto mwingine aliyekataa kunyamaza. Ernie hakulia, akabaki. Mnaona? Kigoda kilekile. Kisha akaja Allen Hoskins, waliyemwita Farina. Huyu aliingia hajatimiza miaka 2. Walimsuka vijinywele vya kusimama, wakamvika matambara, na filamu nyingi hazikuwaambia watazamaji kama ni wa kike au wa kiume. Kazi yake kubwa ilikuwa kuogopa. Mzimu ukitokea, Farina anatoa macho. Nywele zinasimama. Watu wanacheka.

Alikuwa hodari? Hodari sana, mtazameni siku moja. Lakini alichaguliwa kwa kipaji gani? Nafasi ile ilikuwa imekatwa zamani, tangu maonyesho ya majukwaani ambamo wazungu walijipaka masizi kumcheka mtu mweusi. Mtoto aliletwa ajazwe ndani yake, kama maji ndani ya chupa. Wale weupe wa genge walipewa sura nyingi: huyu mjanja, huyu mnene, huyu mpenda wasichana. Wale weusi, mara kwa mara, walipewa ileile. Kwa hiyo anayesema Our Gang ilikuwa mbele ya wakati wake asema kweli, na anayesema iliwaonea asema kweli pia. Mimi nimeshindwa kuchagua, na sidhani natakiwa kuchagua. Farina alipokuwa mtu mzima aliiacha Hollywood, akafanya kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Naambiwa mashabiki wake walikuwa bado wanamwuliza habari za zile nywele.

Haya. Machozi.

Ninyi wadogo hapa mbele, nani anaweza kulia sasa hivi? Hakuna? Wewe unacheka. Mnaona ilivyo vigumu.

Mwaka 1919 Charlie Chaplin alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku tatu tu. Kazi imemkwama, mawazo hayaji. Akaenda ukumbi wa Orpheum, Los Angeles, akamwona mcheza ngoma mmoja aitwaye Jack Coogan. Mwisho wa zamu yake, Coogan akamtoa mwanawe wa miaka 4, Jackie, aje kuinama mbele ya watu. Mtoto akainama, halafu, bila kuambiwa, akacheza hatua chache za kuchekesha, akawatazama watazamaji kama anayewajua siku nyingi, akawapungia mkono, akakimbia. Ukumbi ukalipuka. Chaplin akaenda nyumbani na picha ile kichwani.

Siku chache baadaye akasikia kwamba mwigizaji mwenzake, Roscoe Arbuckle, kamsainisha Coogan mkataba. Chaplin alichanganyikiwa: jitu zima linajilaumu siku nzima kwa nini halikuwahi, huku likiwaza kila aina ya vituko ambavyo lingefanya na mtoto yule. Mwisho mtu mmoja wa studio akamwambia, si mtoto aliyesainishwa, ni baba! Chaplin akamwendea baba mbio. Na baba akajibu, kwa maneno yangu mimi: kumbe ni huyo tu, mchukue.

Mchukue. Hakuna aliyemwuliza mtoto.

Namtaja Jackie Coogan kwa sababu yeye ndiye anayenipinga. Huyu alichaguliwa kwa kipaji hasa. Filamu yao, The Kid, ilitoka mwaka 1921, na mpaka leo ukiitazama bila sauti koo linakubana. Kuna sehemu maofisa wanakuja kumpeleka mtoto kwenye nyumba ya yatima, naye ananyoosha mikono kutoka kwenye gari. Chaplin aliijua habari hiyo kwa mwili wake, kwani yeye mwenyewe alipelekwa nyumba ya maskini kule Lambeth, London, akiwa na miaka 7, mwaka 1896. Lakini siku ya kupiga picha za machozi, Jackie alikuwa na furaha zake. Halii. Wakahangaika naye. Baba akasema, niachieni. Chaplin akatoka nje, moyo haukumruhusu kutazama. Baada ya muda akasikia kilio cha kweli. Wakapiga picha. Baadaye akamwuliza baba, ulimfanyaje? Baba akajibu: nimemwambia asipolia tunampeleka nyumba ya yatima kwelikweli. Chaplin akambeba mtoto, akamtuliza, hawatakupeleka popote. Naye Jackie akamnong'oneza kwamba alijua, baba alikuwa anatania tu.

Alijua? Pengine alijua. Pengine ndivyo mtoto anavyosema akimwona mtu mzima ana huzuni.

Miaka kumi baadaye hapakuwa tena na wa kutoka nje kwa uchungu. Mwaka 1931 mvulana aitwaye Jackie Cooper, wa miaka 8, alikuwa anaigiza katika Skippy. Mwongozaji, Norman Taurog, alikuwa mume wa ndugu wa mama yake, yaani mtu wa nyumbani kabisa. Yalihitajika machozi. Hayakuja. Taurog akaagiza mlinzi amchukue mbwa wa mtoto, akaenda naye nyuma ya mapazia. Ukasikika mlio wa risasi.

Mtoto akalia. Kamera zikazunguka. Kisha mbwa akaletwa mzima, lakini kilio kilikuwa kimeshafika mahali ambapo hakikurudishika kwa kumwonyesha mbwa. Taurog alipata tuzo ya Oscar kwa uongozaji wa filamu hiyo. Cooper, mwenye miaka 9, alishindania tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, mdogo kuliko wote kabla na baada yake, na usiku wa sherehe alilala usingizi akimwegemea mwigizaji Marie Dressler. Nusu karne baadaye aliandika maisha yake. Mnajua jina la kitabu? Ni ombi: tafadhali, msimpige risasi mbwa wangu.

Nimekaa sana hapo. Tumfikie Shirley Temple, maana naona kuna bibi anamsubiri tangu nianze.

Alizaliwa Santa Monica mwezi Aprili 1928. Miaka 3 tu, mama yake akampeleka shule ya dansi ya Ethel Meglin, Los Angeles. Siku moja akaja mwongozaji Charles Lamont kutafuta watoto. Wote wakapangwa. Shirley hakumpenda yule mgeni, akajificha nyuma ya piano. Lamont akatazama safu nzima ya watoto waliotulia, halafu akasema anamtaka yule aliyejificha kule.

Hapo nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi! Nikasema, angalau mmoja kachaguliwa kwa kukataa. Sasa sikilizeni kilichofuata. Katika zile filamu fupi za kwanza, mtoto aliyevuruga kazi alifungiwa ndani ya sanduku jeusi lisilopitisha sauti, na ndani mna bonge la barafu la kukalia. Shirley alifungiwa humo zaidi ya mara moja, na alisimulia mwenyewe kuwa somo alilotoka nalo ni kwamba wakati ni fedha. Walimchukua mtoto wa nyuma ya piano, wakamfundisha kukaa kwenye kigoda.

Mwaka 1934 studio ya Fox ikamsainisha na kumpunguzia umri mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi wa utoto una bei yake. Yeye mwenyewe hakujua. Kwa miaka minne, 1935 hadi 1938, hakuna nyota Marekani aliyejaza kumbi kama yeye. Mama yake alimsokota nywele visokoto 56, si 55 wala 57. Mwaka 1935 alipanda ngazi akicheza dansi na Bill Robinson, mcheza dansi mweusi, wameshikana mikono, na katika majimbo ya kusini mikono hiyo ikakatwa kwenye filamu kwa mkasi. Mwaka 1936 akaigiza Captain January. Mnajua nani aliigiza hadithi hiyohiyo mwaka 1924? Baby Peggy. Na mwaka huo Shirley anaicheza upya, Peggy alikuwa na miaka 17, anatafuta vibarua vya kusimama katikati ya umati kwenye filamu za wengine.

Ilikuwaje? Mwaka 1925 baba yake aligombana na mtayarishaji juu ya malipo. Mkataba ukavunjwa. Milango ya Hollywood ikafungwa kwa mtoto wa miaka 6, kwa ugomvi ambao hakuwamo. Mamilioni aliyochuma yakaliwa na ndugu na matumizi, na yaliyobaki yakafa na anguko la soko la hisa la mwaka 1929.

Kwa hiyo, mama yangu, jibu lako ndilo hili, na nakuomba radhi kwa lile la kwanza. Walikuwa wanatafuta watu wawili: mtoto atakayetii, na mzazi atakayesaini. Yule wa pili ndiye waliyemtazama kwa makini zaidi.

Sheria ya California wakati huo ilisema pato la mtoto ni mali ya wazazi. Jackie Coogan alichuma, kwa makadirio ya wengi, dola milioni 3 hadi 4, naye alipewa dola 6 na senti 25 kwa wiki za matumizi. Aliamini zilizobaki zinamngoja. Mwezi Mei 1935 gari lilianguka, baba akafa na wote waliokuwamo, Jackie peke yake akapona. Mwezi Oktoba akatimiza miaka 21. Akauliza fedha zake. Mama yake alikuwa ameolewa na aliyekuwa msimamizi wa mali, na jibu lao lilikuwa kwamba hakuna aliyemwahidi kitu. Mwaka 1938 akamshtaki mama yake mzazi mahakamani. Fikirini asubuhi hiyo. Unavaa shati, unakwenda kumshtaki mama yako. Kilichokutwa ni dola 250,000 hivi, akapata 126,000.

Mwaka 1939 California ikatunga sheria inayobeba jina lake, ya kumwekea mtoto akiba. Ilisaidia? Kidogo. Ilikuwa na matundu kama chekecheo. Shirley Temple alipofika miaka ya ishirini na kitu akafungua vitabu: katika zaidi ya dola milioni 3 alizochuma, zilibaki kama 44,000. Baba yake alikuwa na kazi ya benki, jamani! Binti akasamehe, akaendelea na maisha, na mwaka 1974 akaja bara letu, balozi wa Marekani nchini Ghana. Matundu ya sheria ile yalizibwa vizuri mwaka 2000, ilipoandikwa wazi kuwa pato ni la mtoto mwenyewe na asilimia 15 lazima iwekwe mahali ambapo mzazi hafiki. Miaka sitini na moja, kuziba matundu ya chekecheo.

Baby Peggy alibadili jina, akawa Diana Serra Cary, akawa mwandishi wa historia ya watoto wenzake wa sinema. Alifariki mwezi Februari 2020, ana miaka 101. Filamu zake nyingi zimepotea.

Jackie Coogan alipokuwa hana kitu alimwendea Chaplin kuomba msaada, na inasimuliwa Chaplin alitoa dola 1,000 bila kuuliza. Halafu wakapotezana miaka mingi. Chaplin alikuwa ameondoka Marekani mwaka 1952 na kuzuiwa kurudi. Mwaka 1972, mzee wa miaka 82, aliitwa apokee Oscar ya heshima. Katika watu waliokwenda kumlaki Los Angeles alikuwapo mwanamume mmoja mnene, kichwa kipara, watoto wa Marekani wanamjua kama yule mjomba wa kutisha wa kwenye televisheni. Chaplin alikuwa hawakumbuki tena wengi. Huyu alimkumbuka. Akamkumbatia.

Mwalimu mwenzangu ananionyesha saa. Nimeona mikono mitatu. Tuanze na yule binti kwenye mkeka, aliyecheka nilipouliza nani anaweza kulia.